Spika ya Kati

Tega masikio kwanza. Ana kinywa kipana, tumbo lake tupu, hali wala hanywi, lakini akinguruma vikombe vinatetemeka kabatini. Ni nani? Anayesema simba amekosa. Ni sabufa, na Jumamosi ile alasiri ilikuwa imelazwa chali katikati ya sebule ya Mama, imevuliwa kifuniko kama mgonjwa anayemsubiri daktari. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele yake, bisibisi imebanwa kwa meno.

Kitinda alisimama mlangoni na beseni la maji ya sabuni mikononi, akasahau alikuwa akilipeleka wapi. Jina la shule alikuwa nalo, lakini nyumbani yeye ndiye aliyekuwa mtoto wa mwisho, kitinda mimba, na hilo Kitinda ndilo lililomganda. Kazi yake ilikuwa kushona. Macho yake yalizoea kupima mabega ya watu bila futi, na tangu Fundi aanze kuingia nyumba ile, mabega yale alikuwa ameyapima mpaka angeweza kuyashonea koti amefumba macho.

"Unaiangalia sabufa au unaniangalia mimi?" Fundi aliuliza bila kugeuka.

"Naangalia kama unajua unachofanya."

"Basi sogea. Kwa mbali hata kinyozi anaonekana daktari."

Kitinda aliliweka beseni chini, akacheka kidogo. Halafu akatazama dirishani na kicheko kikamkauka. Nje mawingu yalikuwa yamejikusanya mazito, mvua haitaki kunyesha wala haitaki kuondoka. Kabla ya jua kuzama Shemeji angefika pamoja na Mjomba, na wakishaondoka, siku ya harusi yake ingekuwa imeshatajwa.

Shemeji huyo alikuwa mume wa marehemu dada yake. Watu walimwita Mpole, na jina lilimkaa. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Aliuza magodoro, na majirani walisema kwa utani kwamba hata maneno yake yalikuwa ya sponji, ukiyaangukia huumii. Dada alipokufa, Mpole alilia kimyakimya, akalipia kila kitu, akamshika Mama mkono mpaka makaburini. Alisema Dada aliteleza bafuni. Hakuna aliyeshangaa sana, maana Dada tangu aolewe alikuwa mtu wa kuteleza: mara ngazi, mara jikoni, mara mlango umemgonga shavu. Mama alikuwa akimtania kwamba nyumba yake imepakwa sabuni.

Dada aliacha mtoto mmoja wa kike. Hapo ndipo kamba ilipofungiwa. Mpole alisema, kwa upole wake, kwamba mtoto anahitaji mama, na mama bora ni mama mdogo. Asipopatikana, itabidi ampeleke mtoto kwa ndugu zake, mbali sana, na safari za kuja kumsalimu bibi zitakuwa ngumu. Hakutisha mtu. Alieleza tu. Mjomba, kaka yake Mama, aliona ni neno la busara. Mama alilia usiku kucha, asubuhi akamwambia Kitinda kwamba hamlazimishi, lakini akasema huku amemshika mjukuu mapajani, na mikono yake ilimbana yule mtoto kama mtu anayezuia mlango.

Kitinda alikubali. Ilikuwa kabla ya Fundi.

Fundi aliletwa na kiu ya Mama mwenyewe. Mama alikuwa na santuri ya video ya harusi ya Dada, imefungwa kwenye kitambaa kama dawa. Kila ilipompata huzuni aliiweka kwenye deki, akatazama. Muziki ulisikika, vigelegele vilisikika, lakini watu wakifungua midomo kusema, hakuna kitu. Dada alikuwa akicheka kwenye kioo cha runinga kama samaki. Runinga yenyewe ilipoteza sauti tangu radi ilipoipiga, ikawa inategemea hiyo sabufa na spika zake, zawadi ya Mpole, na Mama hakutazama kingine humo ila harusi hiyo. Mpole alikuja kuifunga kwa mkono wake, akakataa kusaidiwa, na siku hiyohiyo video ilipowekwa kwa mara ya kwanza akatikisa kichwa akasema mpiga picha amewaibia, hakunasa maneno. Tangu siku hiyo Mama alimlaani mpiga picha wa watu kila alipokumbuka.

Mpole alijitolea mara nyingi kuichukua ile santuri aipeleke kusafishwa. Mama hakuitoa. Alisema mtoto wake hatoki tena ndani ya nyumba yake.

Basi Mama alikwenda sokoni kwa Fundi, akamwambia ana kiasi kidogo tu na anataka jambo moja: amsikie mwanawe anasema. Mpole aliposikia alisema Mama asijisumbue, baada ya harusi atamletea mtambo mpya mzima, na huu wa zamani atauchukua autupe. Mama alimshukuru sana, kisha akamwita Fundi bila kumwambia.

Fundi hakumuuzia kitu kipya. Alisema mtu mwenye mafua hanunui pua nyingine. Alilivuta kochi kutoka ukutani, akaitoa sabufa kwenye kona ilipokuwa ikivuma kama ng'ombe kisimani, akaziinua spika za nyuma juu ya vigoda viwili ili zilingane na masikio ya aliyekaa. Nyaya nyembamba kama uzi alizibadilisha kwa nyingine nene alizozitoa kwenye mitambo mibovu. Kuta tupu zilikuwa zinarudisha sauti, kwa hiyo Kitinda alishona pazia zito la vipande vya vitambaa vilivyobaki chini ya cherehani yake, kila kipande na hadithi ya mteja wake. Walikuwa wamelitundika pamoja, yeye juu ya kiti, Fundi amekishika kiti. Na kiti hakikuwa na haja ya kushikwa kwa mikono miwili.

Siku ile ndipo mchezo wao wa vitendawili ulipoanza.

"Kitendawili," Kitinda alikuwa amesema akiwa juu ya kiti.

"Tega."

"Nakivaa nikiwa uchi, nakivua nikiwa nimevaa."

Fundi aliwaza, akajikuna, akasema labda ni aibu. Kitinda alikataa. Akasema labda ni usingizi. Hapana.

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Yeyote aliyekulia kwenye vitendawili anajua: ukishindwa, unatoa mji, na mwenzako anautawala kabla hajakupa jibu. Fundi alimtazama kutoka chini, uso wake umekuwa mzito ghafla.

"Nakupa mji ambao sijaujenga bado," alisema. "Kaa humo."

Kitinda hakumpa jibu. Mpaka Jumamosi hii Fundi alikuwa hajajua kwamba jibu ni taulo.

Sasa Kitinda alisogea, akapiga magoti kando yake. Fundi aliirudisha sabufa kwenye miguu yake, akawasha muziki taratibu, akauchukua mkono wa Kitinda na kuuweka kiganja juu ya kisanduku.

"Huyu hasikilizwi kwa masikio," alimwambia. "Unamsikia kwa nyayo kwanza, halafu kwa kifua. Ukiwa na shaka kama ni yeye, mguse. Kisanduku hakidanganyi."

Mtetemo ulipanda kwenye mkono wake mpaka begani. Kiganja cha Fundi kilikuwa juu ya chake, na hakikuondoka hata muziki ulipokwisha.

"Leo wanataja siku," Kitinda alisema.

"Mama ameniambia. Ameniambia nimalize kabla wageni hawajafika, nitokee mlango wa nyuma."

"Na wewe huna la kusema."

Fundi aliondoa mkono. Alisema alikwisha kusema. Wiki iliyopita alimwendea Mama kwa heshima zote, na Mama alimjibu kwa heshima hizohizo kwamba fundi ni mtu wa kutengeneza vya wenzake, vyake hana. Meza moja sokoni na feni inayozunguka ikipenda, hiyo si nyumba ya kumpelekea mtoto wa watu.

"Sikuulizi Mama alisema nini. Nakuuliza wewe."

"Mimi nikikuambia usiolewe naye, na mtoto akapelekwa huko mbali, utanisamehe?" Sauti yake ilikuwa chini. "Kila utakapomkumbuka utaniangalia mimi. Sitaki kuwa jibu la swali hilo, Kitinda."

Kitinda alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia, maana neno lilikuwa la kweli. Alimfikiria yule mtoto aliyelala chumba cha pili. Juzi alipokuwa akimvisha gauni alikuwa amemuuliza kwa nini anapenda kucheza chini ya kitanda. Mtoto alijibu kama anayetaja rangi: Baba akisema polepole, mimi naenda chini ya kitanda.

Alikuwa hajamwambia mtu neno hilo. Lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Imebaki ya kati," Fundi alisema. Alijinyoosha kuelekea kabati la runinga, ambapo spika ndogo ndefu ilikuwa imelala chini ya kioo. Alieleza kwamba katika mitambo ya namna hii, za pembeni hubeba muziki, za nyuma mvumo, sabufa kishindo. Maneno ya watu karibu yote hupita hapa katikati. Ikifa hii, unabaki na harusi ya mabubu. Alidhani imeungua, na alikuwa amekuja na nyingine kuukuu mfukoni mwa begi. Aliingiza mkono nyuma ya kabati, akapapasa. Ghafla akaacha kupapasa.

"Nani amefika huku nyuma?"

"Hakuna. Mama haruhusu hata kufagia. Anasema Shemeji alikataza, umeme unaua."

Fundi aliuvuta waya polepole mpaka ukatokea. Ulikuwa umekatwa. Ncha zote mbili zilikuwa safi, sawasawa, na kila ncha ilikuwa imeviringishwa utepe mweusi kwa uangalifu, kisha ukasukumwa ndani ya tundu la ukuta usionekane.

"Panya," Kitinda alisema, lakini alisema kama mtu anayeomba.

"Panya anatafuna. Hafungi utepe akimaliza."

Walitazamana. Radi ilipiga mbali, mbali kabisa, na vikombe kabatini vikagongana kidogo.

Fundi hakuuliza zaidi. Alizimenya ncha, akaziunga, akafunga. Mikono yake ilikuwa inafanya haraka kuliko kawaida. Kitinda alikwenda kwenye droo, akaifungua santuri kwenye kitambaa chake, akaiweka. Mama alikuwa jikoni. Mlio wa sufuria ulikuja na kuondoka.

Kwanza ni muziki. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu harusi ile, watu wakaanza kusema. Shangazi mmoja aliomba kiti. Mtu alikohoa. Mshereheshaji alitoa mzaha wa bwana harusi na magodoro yake, ukumbi ukacheka. Kisha Dada akaonekana meza kuu, shela nyeupe, mikono imevishwa glovu ndefu mpaka juu ya viwiko.

Glovu zile Kitinda ndiye aliyezishona, asubuhi yenyewe ya harusi, kwa kuharakishwa. Dada alizitaka ghafla, joto lile lote. Alipotaka kumpima mkono wa kushoto Dada alikataa, akasema ampime wa kulia tu, mikono yote ni sawa. Mshonaji anajua mikono si sawa kamwe. Lakini siku ya harusi nani anabishana na bibi harusi?

Kwenye kioo binamu mmoja aliinama mezani akamnong'oneza Dada kitu, na Dada akacheka. Kicheko chake kikatoka pale katikati, kizima, na kile kikwaruzo chake cha mwisho. Kitinda aliziba mdomo kwa mkono.

Binamu aliondoka. Mpiga picha alikuwa ameficha kinasa sauti kidogo kwenye maua ya meza kuu, na maua yalikuwa karibu nao kuliko walivyojua. Sauti iliyofuata ilikuwa ya kiume, laini, ya karibu sana, kana kwamba msemaji ameketi ndani ya kabati la runinga.

"Umemaliza kucheka?"

"Samahani."

"Usiombe samahani. Tabasamu, wanatuangalia."

Kwenye kioo Dada alitabasamu. Mpole alimshika mkono wa kushoto, juu ya glovu, kwa namna ambayo ukumbi mzima ungeiona ni mapenzi.

"Bado unauma?"

"Kidogo."

"Vizuri. Kinachouma hakisahauliki. Mama yako akiuliza, uliteleza."

Muziki ukapanda, watu wakaanza kucheza.

Kitinda hakujua kama amepumua. Alichosikia baada ya hapo ni mlio wa mwiko kuanguka sakafuni, nyuma yao. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa jina lake kutoka kisimani.

"Irudishe," alisema.

Fundi aliirudisha. Mama alisikiliza amesimama. Lilipofika lile neno la mwisho alilitamka mwenyewe, midomo tu, pamoja na spika. Kisha akaketi, akazishika ncha za mtandio wake, akasema kwamba amemwosha mwanawe kwa mikono hii, na kwenye mkono wa kushoto palikuwa na mfupa ulioungana vibaya, wa siku nyingi. Alimuuliza mkwe wake. Mkwe akamwambia aliteleza.

Kitinda ndiye aliyepata akili kwanza. Alimuuliza Fundi kama video ile inaweza kunakiliwa. Fundi alichomoa flashi kwenye ufunguo wake, akaitoa kompyuta yake ndogo kwenye begi, akaiunganisha, na nakala ilipokuwa tayari akaitia flashi mfuko wa shati. Aliuliza, kwa unyenyekevu, kama sasa atoke kwa mlango wa nyuma.

Mama alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza.

"Kaa, mwanangu," alimwambia. "Mtambo ukiharibika nani atautengeneza?"

Kisha Mama alikwenda chumba cha pili, akamtazama mjukuu aliyelala, akafunga mlango kwa nje, ufunguo akautumbukiza kifuani.

Gari lilisimama nje mvua ilipoanza kudondoka matone moja moja. Mpole aliingia nyuma ya Mjomba, suti ya kijivu, kifurushi cha zawadi mkononi. Mjomba alikuwa na furaha, anapangusa viatu na kusimulia foleni waliyokutana nayo. Mpole alimwamkia Mama kwa kuinama. Alipoinuka, macho yake hayakwenda kwa Kitinda aliyemjia kumposa. Yalikwenda chini ya runinga, kwenye ile spika ndefu, na taa ndogo ya kijani iliyokuwa ikiwaka.

"Nani amegusa nyuma huku?" aliuliza, polepole.

"Nimetengenezewa," Mama alisema. "Karibu ukae, mkwe wangu."

"Nilikuambia Mama ni hatari. Nitakuletea mpya." Alinyoosha mkono kuchukua rimoti mezani, mahali ilipokuwa siku zote akija. Mikono ya mgeni yule ilizoea rimoti ile. Kila Mama alipotaka kutazama harusi Mpole akiwapo, yeye ndiye aliyewasha na yeye ndiye aliyezima. Meza ilikuwa tupu.

"Iko kwangu," Mama alisema.

Mpole aliketi. Alimwona Fundi kwenye kona, akamtazama kama mtu anayehesabu bidhaa, akaondoa macho. Mjomba alianza maneno ya mkutano: kwamba damu ni nzito, kwamba mtoto hawezi kukua kwa bibi, kwamba mwezi ujao ni mwema. Kitinda aliwamiminia chai, na alipomfikia Mpole, yeye alimshika kifundo cha mkono, kidogo tu.

"Mkono unatetemeka," alisema. "Umeteleza?"

Chai ilimwagika kwenye sahani. Kwenye kona Fundi aliinuka. Kitinda alitikisa kichwa, na Fundi akabaki amesimama.

"Kaka, nimekusikia," Mama alimkatiza Mjomba. "Kabla ya siku kutajwa, nina kitendawili cha mkwe wangu."

Mjomba alicheka, akasema dada yake hajaacha utoto. Akaitikia mwenyewe kwa mazoea: tega.

"Sakafu yangu kavu, mwanangu anateleza."

Mvua ilikuwa imeanza kweli.

"Mama, haya mambo ya watoto mimi siyajui," Mpole alisema.

"Jibu lake nimelipata leo." Akatoa rimoti chini ya mtandio, akabonyeza.

Kicheko cha Dada kilijaza sebule. Mjomba aliinua kichwa kwa mshangao wa furaha, akaanza kusema kumbe sauti ipo, na hakumaliza. Ile sauti laini ilitoka pale katikati, pazia zito likaizuia isirudi wala isipotee, ikawafikia wote kwenye viti vyao, neno kwa neno, mpaka lile la mwisho. Mama alizima.

Mjomba aliweka kikombe chini. Alikivuta kiti chake, akakiweka mbali na cha mgeni aliyemleta. Mguu wa kiti ulikwaruza sakafu, na hilo tu ndilo lililosikika.

"Utani wa maharusi," Mpole alisema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Watu waliooana huzungumza. Mama, wewe ni mtu mzima."

"Umeshindwa kitendawili?"

Mpole aliitazama rimoti mkononi mwake.

"Umeshindwa. Basi nipe mji," Mama alisema, "nami nautaka huu uliokalia. Toka."

Mpole aliinuka, akanyoosha koti. Alikwenda kwenye deki, akabonyeza, akaitoa santuri na kuitia mfukoni ndani ya koti, akasema ataipeleka kusafishwa kama alivyoahidi siku zote. Hakuna aliyemzuia. Fundi hakusogea, ila mkono wake ulikuwa umepanda wenyewe mpaka kwenye mfuko wa shati. Mpole aliuona mkono ule. Aliutazama muda mrefu.

"Mwanangu amelala chumba gani?" aliuliza.

"Amelala kwangu."

"Nitamfuata, Mama. Ni wangu." Akamgeukia Kitinda, akatabasamu kama alivyotabasamu kwenye kioo. "Na wewe mdogo wangu, jiangalie. Leo kuna utelezi."

Mlango ulifungwa taratibu. Hata kufunga mlango alikuwa mpole.

Mjomba ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti iliyozeeka ghafla. Aliomba radhi, akasema wanakwenda polisi sasa hivi, yeye atatangulia mbele, na akaanza kutafuta viatu vyake huku anavigonga kwa miguu bila kuviona. Mama hakumsikia. Alimwomba Fundi jambo moja dogo kabla hawajatoka. Fundi alielewa. Aliichomeka flashi, akatafuta, akaruka harusi yote, akaacha pale tu.

Dada alicheka. Mama alifumba macho. Fundi alirudisha, Dada akacheka tena, na ile ya tatu Mama akacheka naye, machozi yanamtiririka kidevuni.

"Inatosha," alisema. "Zimeni."

Fundi alizima kila kitu. Taa ya kijani ikafa. Alikuja akasimama karibu na Kitinda, karibu kuliko alivyothubutu mbele ya Mama siku yoyote, na Mama aliona na hakusema neno.

"Nilikupa mji," Fundi alimwambia polepole. "Jibu hukunipa."

"Ukitufikisha kituoni salama, nitakupa."

Alikuwa bado anasema alipousikia kwa nyayo. Mtetemo mdogo, wa chini, unapanda sakafuni mpaka kifuani. Vikombe kabatini vilikuwa vinagongana. Alidhani Fundi amesahau kuzima, akainama, akaweka kiganja juu ya sabufa kama alivyofundishwa.

Kisanduku kilikuwa kimya. Baridi.

"Mjomba," alisema, "usifungue mlango."

Wote wakasikiliza. Nje, mbele ya mlango, katikati ya mvua, gari lilikuwa linanguruma polepole, taa zimezimwa, na halikuwa linaondoka.